Mchele Mpya wa Bimdogo

Kijiwe chetu kiko Gongoni, kwenye baraza ya nyumba ninayoshonea nguo, na kelele zake nazivumilia mimi kwa sababu wao wakichoka huenda zao, cherehani yangu inabaki pale pale. Kila alasiri wanakuja wale wale. Twalibu tunamwita Redio, kwa kuwa hutangaza habari hata kabla hazijatokea. Justus tunamwita Azimio, maana hata ukimwomba kibiriti atakujibu kwa siasa. Nabhan muuza kahawa hana jina la utani, yeye humimina tu na kusikiliza. Siku hiyo ilikuwa mwezi wa saba, kiangazi kimekolea, mwaka wa pili tangu Operesheni ihamishie watu vijijini. Shule zilikuwa zimefungwa na watoto wamejaa mtaani. Akaja Humaidi, jirani yangu mwenye duka la vitambaa, akakaa kwenye benchi bila kusalimia mtu. Humaidi ni mtu wa adabu, akikaa bila salamu ujue nyumbani kwake kuna jambo.

Redio: Vipi, Humaidi? Bibi mzima?

Humaidi: Mzima. Ameniuliza tena.

Redio: Habari za shamba?

Humaidi: Hizo hizo. Safari hii amekwishafunga na mikeka. Anasema watoto wamefunga shule, mpunga umevunwa, kwa nini hatuendi.

Bimdogo ni bibi yake Humaidi, mama aliyemzaa baba yake, na macho yake hayaoni tena. Tangu enzi za marehemu mumewe, kila kiangazi ukoo mzima ulikuwa ukipanda lori kwenda shambani kwao, njia ya Isikizya, kula mchele mpya. Wazee, wajukuu, vitukuu, wote. Chungu cha kwanza alikipika Bimdogo kwa mkono wake, na hakuna aliyetia tonge mdomoni kabla yeye hajaonja. Majirani wa kule nao walialikwa. Watoto walilala naye nje kwenye mikeka, akiwasimulia misafara iliyokuwa ikipita njia ile zamani, na wapagazi walivyokuwa wakiimba. Mimi mwenyewe niliwahi kwenda naye, na sijapata raha kama ile.

Operesheni ilipopita, shamba likawa kijiji. Watu waliletwa pale wajenge, na nyumba ya akina Humaidi ikafanywa ghala. Bimdogo hakuambiwa. Mwaka jana Humaidi alimdanganya kwamba lori limekatika springi, akaenda kununua mchele sokoni, akamletea na kusema umetoka shambani.

Mimi: Na ule mchele wa mwaka jana aliupokeaje?

Humaidi: Aliupika. Akaonja. Halafu akaniuliza shamba linaumwa nini.

Azimio: Ndugu Humaidi, mimi nasema mwambie ukweli. Ardhi sasa ni ya wote, na yeye ni mmoja wa hao wote. Sioni tatizo.

Humaidi: Kamwambie wewe.

Azimio: Mimi si mjukuu wake.

Redio: Msimbabaishe mwenzenu. Kinachotakiwa ni kumpa bibi kitu kingine cha kumfurahisha, ili shamba alisahau. Humaidi, chukua watoto wote, chukua bibi, pandeni treni ya Kigoma. Mnashuka Usoke, mnakula kuku, mnarudi. Wazee wanapenda treni, wewe hujui tu.

Humaidi: Anataka kupika, Twalibu. Kwenye treni atapika wapi?

Azimio: Basi mpeleke uwanjani. Vijana wana gwaride na ngoma. Hata asipoona, atasikia.

Humaidi: Bibi yangu na gwaride?

Azimio: Kuna wazee pale wanakaa mbele kabisa, wanapewa viti.

Nabhan alimimina kahawa, akampa Humaidi kikombe cha kwanza. Humaidi alikishika bila kunywa. Mimi nilikuwa nashona huku nimewakasirikia wote, maana walikuwa wanamgawa yule bibi kama mzigo usio na mwenyewe. Lakini Redio akishashika jambo haliachi.

Redio: Sikilizeni. Bibi anataka shamba, sivyo? Mpe shamba. Shemeji yangu ana kashamba kazuri tu, hapa hapa nyuma ya reli. Tunatandika mikeka, tunawasha moto, bibi anapika. Nani atamwambia kwamba si kwao?

Azimio: Pua yake.

Redio: Pua gani? Shamba ni shamba, harufu ni moja.

Azimio: Kama ni hivyo, hata kwa shemeji yako msiende. Mpakie bibi kwenye lori, zungukeni stesheni, zungukeni sokoni, pigeni mashimo yote ya mjini mpaka achoke. Halafu mnamrudisha uani kwake mwenyewe. Mnawasha kuni za porini, si mkaa. Mnafunga mbuzi wawili wapige kelele. Watoto mnawaambia wakimbie kimbie kama wako shambani.

Redio: Na mimi nitakuwa Limbu.

Mimi: Limbu gani?

Redio: Yule mzee mtunza shamba lao. Sauti yake naijua. Nitampokea bibi pale langoni, nimwambie karibu, Bi Mkubwa, mwaka huu mpunga umetupenda.

Aliisema kwa sauti nzito ya kikohozi, kwa lafudhi ya Kinyamwezi, na kwa kweli ilikuwa sauti ya Limbu hasa. Tulicheka. Nabhan naye alicheka. Kisha tukamwona Humaidi hacheki, tukaacha mmoja mmoja.

Humaidi: Lori la nani?

Redio: Unasema?

Humaidi: Nauliza tutapata lori la nani. Iwe Ijumaa, baada ya swala.

Nilisimamisha cherehani. Nilidhani ananitania, lakini uso wake haukuwa na utani hata kidogo.

Mimi: Humaidi, yule bibi ameishi kwenye ule ua tangu aolewe. Akishika ukuta, hataujua?

Humaidi: Tutamkalisha mbali na ukuta.

Mimi: Ikiadhiniwa msikitini kwenu, sauti ile ile anayoisikia kila siku?

Humaidi: Nitamwambia kule nako wamejenga msikiti.

Mimi: Na watoto wako? Unawafundisha nini?

Humaidi: Fundi, usinisomee. Wewe unaniona mimi napenda? Kila asubuhi ananishika mkono na kuniuliza tunakwenda lini. Amekuwa mwepesi, ukimnyanyua hujui kama umenyanyua mtu. Kiangazi kijacho hatutakuwa naye, hilo nalijua, na yeye analijua. Nataka apike chungu chake, aonje, watoto wale. Basi. Hata kama ni kwa uongo.

Mimi: Mpeleke kule kule.

Humaidi: Akafanywe nini? Wale watu wamepewa ardhi yake. Wamwite kabaila mbele ya vitukuu vyake? Wamfukuze? Afie njiani kwa fedheha?

Mimi: Wamekwambia watamfukuza?

Humaidi: Nani aniambie? Sijafika huko.

Mimi: Tangu lini?

Humaidi: Tangu ile siku waliyokuja kutuambia. Sina miguu ya kwenda kule, Fundi.

Nilimhurumia, siwezi kusema uongo. Niliona nimembana mtu aliyekwisha kubanwa. Redio alikuwa anahesabu kwa sauti ya chini nani mwenye lori, na Azimio anasema mbuzi atawatoa yeye. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, watu wazima na akili zetu, tunapanga kumdanganya kipofu mmoja, na tungeufanya kweli ule mchezo.

Redio akaanza tena kujigeuza Limbu, anajitaja kwa jina, na wakati huo ikaja baiskeli. Aliyeshuka ni kijana mmoja mrefu, vumbi mpaka kwenye kope. Aliiegemeza nguzoni, akavua kofia.

Mgeni: Shikamooni.

Sisi: Marahaba.

Mgeni: Fundi, naitwa Masolwa. Niliacha suruali hapa ya kutiwa kiraka, wiki iliyopita.

Mimi: Iko tayari. Kaa, unywe kahawa.

Masolwa: Nitasimama tu, njia ni ndefu. Samahani, nimesikia mkimtaja Limbu. Ni Limbu wa njia ya Isikizya? Anayekohoa?

Redio alitazama chini. Humaidi ndiye aliyejibu.

Humaidi: Unamjua?

Masolwa: Tunakaa naye kijiji kimoja. Ndiye mzee wetu pale, ametukuta.

Humaidi: Anasemaje?

Masolwa: Kuhusu nini?

Humaidi: Kuhusu hapo mnapokaa.

Masolwa: Aa. Anasimulia sana habari za bibi mmoja wa mjini. Si yeye tu, hata mama yangu. Alikuwa akipelekwa pale kila kiangazi, akiwa mtoto, kula mchele wa yule bibi. Wengi wetu kwetu ni karibu na pale, tumesogezwa tu. Basi mwaka jana tulipovuna, Limbu alisimama mkutanoni akasema hapa mchele mpya hauliwi kabla bibi hajaonja, ndivyo ilivyo. Mwenyekiti alibisha kidogo. Wanawake wakamkatalia.

Azimio: Wakamkatalia mwenyekiti?

Masolwa: Walimkatalia, ndugu. Tukapika chungu. Tukafagia barabara, ghala tukalitoa magunia chumba kimoja apate pa kupumzika. Tukakaa. Watoto walikuwa wanalia njaa na chakula kiko pale, hakuna aliyekigusa. Jua lilipoanza kushuka Limbu akasema basi, kuleni. Yeye hakula.

Nilikuwa nimeshika suruali ya Masolwa, nikaikunja, nikaikunjua, nikaikunja tena. Humaidi aliweka kikombe chini kwa mikono miwili. Mimi niliona aibu kumtazama, nikatazama baiskeli.

Masolwa: Mwaka huu tumevuna tena. Jumamosi tunapika. Limbu alinituma nikifika mjini niulizie nyumba ya yule bibi, lakini jina amelisahau, anasema Bi Mkubwa tu. Mabibi wakubwa hapa mjini ni wengi. Nyinyi mnamfahamu?

Wote tulimtazama Humaidi.

Humaidi: Namfahamu.

Masolwa alifurahi. Alipokea suruali yake, akaifunga nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mpira, akapanda, mguu mmoja bado uko chini.

Masolwa: Afadhali. Maana wataniuliza nikifika. Mwaka jana tulimngoja kutwa nzima. Kwa nini hakuja?

Nabhan aliinua birika kummiminia Humaidi, akakuta halina kitu.

Masolwa: Nikawaambieje?