Urari wa Maziwa Nyasura

Kijiwe chetu cha Nyasura kina benchi moja refu, limeegemezwa kwenye kibanda cha Dorah, mkabala na barabara iendayo Sirari. Ukikaa hapo unaona malori yote yanayokwenda mpakani na yote yanayorudi, na kwa sababu hiyo wanaokaa hapo wanaamini kuwa wao ndio wanaosimamia biashara ya nchi mbili. Mkubwa wao ni Eliud, karani mstaafu wa ushirika wa pamba, tunamwita Waziri. Mbishi wake ni Enoka, tunamwita Forodha, maana ujanani alivusha sukari kwa baiskeli kwenye njia ambazo forodha yenyewe haizijui. Mimi wananiita Faili, kwa kuwa nakumbuka nani kaoa wapi na kwa ng'ombe wa rangi gani.

Jumatano iliyopita Dorah aliweka mezani pakiti ya maziwa kutoka nchi jirani, kando ya dumu la Wankyo. Wankyo huleta maziwa kila asubuhi kutoka Nyamuswa kwa bodaboda. Wenye migahawa mjini walishahamia kwenye pakiti mmoja mmoja, akabaki Dorah peke yake. Dorah naye akiacha, Wankyo hana pa kuyapeleka, na yule ng'ombe wake wa maziwa ataishia mnadani. Wankyo alilisema hilo bila kulia, kama mtu anayetaja siku ya gulio.

Dorah alisema hana ugomvi na mtu. Pakiti ni rahisi, haigandi, haichelewi mvua ikinyesha. Lakini bado hajaamua. Mtu mwenye sababu amwambie, atamsikiliza. Maneno hayo hayakupaswa kusemwa mbele ya benchi letu.

Waziri alianza kwa utulivu. Alieleza kuwa jirani anatuuzia vingi kuliko tunavyomuuzia sisi, na ile tofauti inaitwa nakisi. Hapo alikuwa sawa, na kama angeishia hapo tungekunywa kahawa yetu kwa amani.

— Dawa yake ni kufunga Sirari wiki moja, akasema. Maziwa yao yakiwadodea, watakuja wenyewe kutubembeleza.

— Ufunge nini? akauliza Forodha. Pale nilikuwaga napita kila Jumamosi na sikuwahi kuliona geti. Ukifunga unawapa tu kazi vijana wa baiskeli.

— Basi hao vijana wa baiskeli tuwaajiri walinde.

— Mchana watalinda. Usiku watavusha.

Wankyo aliuliza kama ayamimine maziwa kwenye sufuria au asubiri. Waziri akamwonyesha kigoda, akamwambia mambo ya nchi hayataki haraka. Wankyo akakaa, dumu katikati ya miguu.

Ndipo Forodha akatoa hoja yake kubwa. Alisema hatuna sababu ya kuyakataa maziwa ya pakiti, kwa kuwa ni ya kwetu.

— Jiulizeni, ng'ombe wa kule walitoka wapi? Si sisi tuliowapeleka tukioa kwao? Faili, hebu sema.

Nilisema ninachokijua. Babu yangu alioa mke wa pili ng'ambo ya mpaka. Ng'ombe wa mahari walitoka Butiama kwa miguu, wakavuka mto pale Kirumi kwa pantoni kwa sababu daraja lilikuwa halijajengwa, na mbele yao alitangulia jike mwekundu mwenye pembe iliyopinda kuelekea jicho. Nikaongeza kwamba baadaye shangazi Rhobi aliolewa kule kule, ng'ombe wakarudi upande huu, na katika hao alikuwamo mtamba mwekundu mwenye pembe ya namna ile ile. Kwa hiyo katika ukoo wetu hesabu ilisawazika. Nusu hiyo ya pili hakuna aliyeisikiliza.

— Mmeona? akasema Forodha. Yule mwekundu amezaa, wajukuu wake wamezaa, sasa wanakamuliwa na kutiwa kwenye pakiti. Tunauziwa maziwa ya shemeji.

Waziri aliipenda hoja hiyo kiasi cha kuiteka. Alitaka kila pakiti iandikwe ukoo wa ng'ombe aliyeyatoa, na ofisa wa mpakani aulize mama wa ng'ombe ni nani kabla ya kugonga muhuri. Forodha akasema hiyo ni kazi bure. Njia fupi ni kuwaoza mabinti zetu kule na sisi kuacha kuoa kwao. Ng'ombe watakuja tu, hakuna atakayekwenda, na nakisi itaisha kabla ya uchaguzi. Waziri akaongeza kuwa kijana yeyote wa Mara akionekana anatafuta mchumba kupita Tarime, arudishwe kwa gharama za baba yake.

Wankyo alimgeukia Forodha.

— Samahani shemeji, alimwambia Forodha. Mama Enos ulimtoa wapi?

Forodha aliangalia kikombe chake. Sote tunajua mkewe, mama Enos, ametoka ng'ambo, na ng'ombe waliokwenda kwao niliwaona kwa macho yangu.

— Huyo alikuja kabla ya sera, akajibu.

— Kumbe nakisi yote ni wewe, na sisi tunaisumbua serikali.

Dorah alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Waziri hakucheka. Alichukua kijiti akakilaza katikati ya benchi, akatangaza mpaka. Upande wake ukawa wa kwetu. Upande wa Forodha, kwa sababu za ndoa, ukawa wa jirani, na ile pakiti ikahamishiwa huko. Chochote kitakachovuka kijiti, alisema, kitalipiwa ushuru wa kipande cha kashata.

Haukupita muda Waziri akawa amekusanya kashata zote. Lakini birika la kahawa lilikuwa upande wa Forodha, na Forodha alikataa kulivusha. Waziri akabaki na mdomo umejaa sukari na kikombe kitupu, akilalamika kuwa jirani ana roho mbaya.

Hapo akashuka mwanamke mmoja kutoka gari la Kisorya, ana begi mgongoni, anasubiri gari la Tarime. Aliomba chai ya maziwa. Dorah akamwambia maziwa yapo ya aina mbili, achague. Yule mwanamke akatazama pakiti, akatazama dumu, kisha akatugeukia sisi tuliokaa.

— Shikamooni wazee. Ninyi ndio wenyeji. Yapi matamu?

Waziri alimtazama Forodha. Forodha alinitazama mimi. Kwenye benchi lile tunakunywa kahawa chungu, na tumeinywa hiyo hiyo tangu Dorah afungue. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuonja haya wala yale.

— Ya pakiti yana..., akaanza Waziri.

— Yana nini? akauliza Wankyo.

— Yana sura nzuri.

Wankyo alisimama, akafungua dumu, akamimina kwenye sufuria bila kumwomba mtu ruhusa. Yule mwanamke alikunywa kikombe, akaomba cha pili, akapanda gari lake akaenda.

Dorah aliosha kikombe taratibu, kisha akasema nasi.

— Yule amenipa sababu, lakini kesho hayupo. Ninyi mnakujaga kila siku ya Mungu. Kesho dumu likifika, kila mmoja kikombe cha chai ya maziwa kwanza, kahawa baadaye. Mkikataa, naleta pakiti, na benchi hili nalipasua kuni.

— Mimi maziwa yananivuruga tumbo, akasema Waziri.

— Nchi inakuhitaji, mzee wangu.

Alhamisi nilifika mapema. Forodha alikuwa amekwisha kunywa cha kwake. Aliniambia kwa sauti ndogo kuwa ni matamu, ila nisimwambie Waziri. Waziri mwenyewe alikishika kikombe kwa mikono miwili na kumeza kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo. Bodaboda alikuwa anapiga honi barabarani, na Wankyo amesimama mbele ya Waziri, dumu tupu mkononi, haondoki mpaka aone kikombe kimekauka.