Mama Kwanini, Karani wa Habari za Mapema

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mabasi. Wazazi walimpa jina zuri tu, lakini halikukaa. Tangu alipojua kusema aliuliza kwa nini, na mtaa mzima ukamwita Kwanini. Alipopata watoto akapandishwa cheo, akawa Mama Kwanini.

Alianza shule mwaka 1958 na kumaliza 1966. Kichwa alikuwa nacho, ila aliwachosha walimu. Mmoja alimpa adhabu ya kukaa kimya kutwa nzima. Ilipofika saa nne uzalendo ukamshinda, akaenda ubaoni akaandika: kwa nini adhabu hii wavulana hawapewi? Mwalimu alicheka mpaka akaketi, na adhabu ikafutwa.

Baba alimfundisha cherehani, na mwaka 1968 akampa ya kwake. Tarehe 7 Agosti 1971 alifunga ndoa na mwalimu wa hisabati, mtu mpole asiyependa makuu. Siku ya posa alimhoji mshenga mpaka mzee wa watu akaomba maji. Mwalimu husema alimpenda papo hapo. Walijaliwa watoto watatu, na anayesoma haya ni kitinda mimba wao.

Sasa lile ambalo mwenyewe alitaka lisemwe. Mji wetu una pande mbili, Juu na kwetu Bondeni, na daraja katikati. Oktoba 1994, wateja wake wa Juu walianza kuja kuchukua vitambaa kabla havijashonwa. Aliuliza kwa nini, mmoja akamjibu kuwa wanasafiri. Akamkunjia kitambaa chake, akarudi kwenye cherehani. Siku nne baadaye pande hizo mbili zilipigana, na watu kumi na tisa waliuawa pale darajani, kaka yake mkubwa akiwemo. Hakujisamehe kamwe. "Mimi huyu, Kwanini, niliridhika na jibu moja," alikuwa akisema. "Wanawake kumi na mmoja wanasafiri wiki moja, wanakwenda wapi?"

Februari 1996 aliajiriwa na kamati ya amani kuwa karani wa simu. Kazi yake ilikuwa kupokea habari za mapema kutoka mitaani, zile zinazotangulia ugomvi, na kuzijaza kwenye fomu. Fomu iliuliza silaha, mikutano na vitisho. Habari za kisimani, sokoni na kliniki hazikuwa na nafasi, kwa hiyo aliziandika pembeni kwa penseli. Wajumbe saba, wanaume watupu, hawakuzisoma.

Juni 2002, mkunga wa zahanati ya Bondeni alipiga simu. Wajawazito wa Juu walikuwa hawajavuka daraja kuja kliniki kwa wiki mbili. Safari hii Mama Kwanini hakuridhika kirahisi. Aliwafuata nyumbani mmoja mmoja, akauliza, akauliza tena. Wa tano ndiye aliyefunguka: waume zao wamewakataza, Ijumaa daraja litafungwa na damu itamwagika. Basi akaingia kikaoni bila kuitwa, akaeleza yote. Mwenyekiti akamwambia hayo ni mambo ya akina mama.

"Ndiyo, mwenyekiti. Akina mama wameshajua. Ninyi ndio bado."

Siku hiyohiyo mwenyekiti alivuka daraja pamoja naye. Wajawazito watatu walikubali, kwa hofu kubwa, kusema mbele ya pande zote mbili walichokisikia majumbani mwao. Kumbe kila upande ulikuwa umeambiwa kwamba wenzao ndio watakaoanza. Ubishi ulikuwa mrefu, lakini Ijumaa daraja lilikuwa wazi na watu wakaenda sokoni. Mwaka uliofuata fomu ilibadilishwa, na kamati ikajiwekea sharti: isikae bila nusu ya wajumbe kuwa wanawake, na taarifa zao zisomwe kwanza. Sharti hilo lipo mpaka leo.

Figo zilianza kumsumbua mwaka 2021. Hospitalini alimuuliza daktari maswali mpaka daktari akavuta kiti. Alifariki tarehe 9 Mei 2024, saa nane mchana, Mwalimu akiwa amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja. Hakuna aliyewahi kumshukuru kwa Ijumaa ile, maana nani atoe asante kwa msiba ambao haukutokea? Sisi wanawe tulimtania: utajuaje kama kweli wangepigana? Alisema hajui, na hilo lilimkera hadi mwisho. Jana mkunga, ambaye sasa ni mstaafu, alitujia na daftari lake la mwaka ule. Wanawake kumi na wanne wa Juu walijifungua kwake ndani ya mwezi mmoja baada ya Ijumaa hiyo. Hakuna mtoto hata mmoja aliyezaliwa yatima. Wanne kati ya watoto hao, sasa vijana, ndio waliobeba jeneza hili asubuhi.

Nani atoe asante? Jibu limechelewa, mama, lakini limefika. Pumzika kwa amani.