Pikapu ya Baba Sheila Ikipata Moto

Benchi letu la Mosocho ni ubao uliolazwa juu ya mawe mawili, mbele ya kibanda ambacho Gesare anapikia kahawa. Wenye benchi ni watatu: Spana, anayetengeneza baiskeli, Daktari, anayeuza dawa za ng'ombe, na Waziri, ambaye hajawahi kufanya kazi serikalini ila anazijua siri zake zote. Alhamisi hiyo niliketi nao kwa sababu pikapu ya marehemu mume wangu, Ongeri, ilikataa kuwaka mbele yao. Nilikuwa nimetoka kuuza ndizi sokoni Daraja Mbili, nikaizima ili ninunue sukari. Asubuhi kwenye baridi huwaka mara moja. Ikishatembea ikapata moto, ukiizima haiwaki tena mpaka ipoe kabisa. Imekuwa hivyo mikononi mwangu tangu tumzike Ongeri. Niliomba sana juu ya jambo hilo, na siku hiyo nikampigia simu Ogeto, anayenunua magari mabovu kule Kisii, aje aichukue. Bila pikapu ningebaki kungoja wenye malori waje shambani waniambie bei wanayotaka wao.

— Ni hita plagi, Mama Sheila, alisema Spana. Zile za kupasha injini moto. Zote zimekufa.

— Lakini kwenye baridi inawaka, nilimwambia. Si ndiyo saa inazihitaji?

— Asubuhi zinajikaza. Mchana zimechoka. Hata wewe mchana si unachoka?

— Spana, wewe ni wa baiskeli, alisema Daktari. Baiskeli iko na plagi?

— Iko na breki. Mdomo wako hauna.

Daktari aliinuka, akaweka kiganja juu ya boneti kama anayempima ndama.

— Hii iko na homa. Ndama akiwa hivi unamfunga kitambaa cha maji baridi.

— Na sindano utaidunga wapi? aliuliza Waziri.

— Cheka tu.

— Sicheki. Hii pikapu ni ya Japani. Kule kuna theluji. Ikisikia joto la Mosocho inajua iko ugenini, inagoma.

— Miaka yote hii haikugoma, ikangoja sasa? aliuliza Spana.

— Ilikuwa inamheshimu Baba Sheila. Gari inajua mguu wa mwenyewe. Hii imefiwa.

Wote wakaangalia vikombe vyao. Nilijua hakutaka kuniumiza.

— Mungu hakuipa gari roho, Waziri, nilisema. Aliyefiwa ni mimi.

— Pole, mama. Ulimi umeteleza.

— Najua. Kunywa kahawa yako.

Ogeto akafika na kamba ya kuvutia gari. Alitusalimu, akanipa pole ya msiba, akasikiliza habari yetu ya plagi na joto, akaizunguka pikapu polepole. Hakufungua hata boneti.

— Na marehemu, alituuliza, ikiwa na moto hivi, alikuwa anaiwasha aje?

Hawa watatu walikuwa marafiki wa Ongeri. Mimi nilikaa kando yake ndani ya pikapu hiyo miaka na miaka, na sikuwahi kumuuliza, kwa sababu kwake iliwaka.

— Hapa hakuwa anaiwasha, alisema Spana. Hapa alikuwa haizimi.

— Kweli, alisema Daktari. Alikuwa anakunywa kahawa amesimama pale mlangoni, injini inanguruma. Tunamwambia akae, anakataa.

— Mimi nilifikiri anajivuna, alisema Waziri kwa sauti ya chini.

Nikakumbuka kanisani. Kule aliizima, kwa heshima ya maombi. Lakini siku zote aliiegesha upande wa juu, pua ikiangalia barabara, hata uwanja ukiwa mtupu.

— Kanisani aliiweka mlimani, nilisema. Tukitoka, aliiachia ishuke kwanza.

— Basi ni pampu, mama, alisema Ogeto. Imelika. Dizeli ikipata moto inakuwa nyepesi, inavuja humo ndani, na stata haina mbio za kutosha. Mteremko unazungusha injini kwa nguvu zaidi. Plagi zako hazina neno.

— Nilisema ni homa, alisema Daktari.

Waliigeuza ikaangalia mteremko wa barabara, wakaisukuma, wote wanne pamoja na Ogeto wakihema, mimi nikiwa kwenye usukani, gea ya pili, mguu kwenye klachi. Iliposhika mteremko niliachia. Ikakohoa, ikawaka. Nilimshukuru Mungu macho yakiwa wazi, kisha nikairudisha juu hadi kwenye benchi, bila kuizima.

Ogeto alikuwa akikunja kamba yake.

— Siku moja itataka fundi wa pampu, mama. Lakini ukiniuzia leo, utakuwa umeniuzia gari nzima kwa bei ya chuma.

— Basi siuzi.

— Mama Sheila, alisema Waziri, akinisogezea nafasi. Njoo ukae umalize kahawa.

Nilichukua kikombe changu, nikarudi nacho mlangoni pa pikapu, nikanywa nikiwa nimesimama.