Upande Aliokaa Mama Norman

Kijiwe chetu kiko Uthiru, hatua chache kutoka Waiyaki Way, ubavuni mwa kibanda cha kahawa cha Kavutha. Kina benchi moja tu, ndefu, ya mbao, na zamani ilikuwa ya kanisa letu. Kanisa liliponunua viti vya plastiki, benchi za zamani ziligawiwa watu, na Kavutha akaomba moja. Mwisho wake wa kushoto, pale pa kuwekea mkono, pana kijishimo kinachotosha kidole gumba. Hapo ndipo mimi hukaa kila Jumamosi asubuhi. Jina langu ni Muthama, lakini hapa naitwa Songa, kwa sababu kwa miaka kumi na minne nilikuwa mhudumu wa kanisa, na kazi yangu ilikuwa kuwaambia watu, "Songeni, songeni, wengine nao wakae." Siku za kazi mimi ni soja wa jumba la ofisi kule Upper Hill. Shule niliachia darasa la saba, kwa hivyo nivumiliwe.

Jumamosi hiyo habari ilikuwa Norman Gichuru, kijana wa hapa hapa, aliyekuwa mwigizaji na sasa ni dairekta na prodyusa wa filamu. Wenzangu walisema mengi. Mimi nilinyamaza, na sababu naiandika mapema nisije nikaiogopa. Miaka kumi na mmoja iliyopita, Norman alipokuwa akiigiza pasta mwizi kwenye televisheni, nilimwondoa mamake mahali pake kanisani, nikampeleka nyuma kabisa. Alivumilia miezi mitatu, kisha akahamia Kinoo. Watu wote wanaamini ni wazee wa kanisa walioamua. Nimewaacha waamini.

Aliyeleta habari ni Dan wa bodaboda. Tunamwita Breki kwa sababu yake hushika akishapita.

Breki: Niaje wazee! Mmeskia Norman analeta makamera hapa Jumatatu? Filamu yake mwenyewe. Haigizi, anakaa tu kwa kiti, akisema "Aksheni!" watu wazima wanakimbia.

Mwihaki, ambaye ana nyumba za kupangisha na kwa hivyo anaitwa Landilodi, aliweka kikombe chini.

Landilodi: Norman huyu wa Mama Norman? Yule mtoto alipewa kubeba mbuzi siku ya Krismasi?

Mwololo akamjibu. Huyu ni Wakili. Hajawahi kuwa wakili. Alikuwa akibeba mafaili kortini.

Wakili: Huyo huyo. Walimpa mbuzi ya ukweli, ikamkojolea kutoka kifuani mpaka kwa viatu. Hakucheka, hakulia. Aliendelea kutazama nyota ya Bethlehemu, na nyota yenyewe ni karatasi ya sigara. Nikasema, huyu atafika. Mtoto umleavyo, ndivyo hula kwa urefu wa kamba yake.

Kavutha: Mwololo, hiyo methali inaisha hivyo kweli?

Wakili: Methali ni kama hii kahawa yako. Kila mtu anaweka sukari yake.

Landilodi: Kamaliza shule akaenda na wale wa kuigiza vitabu vya mtihani. Machakos, Nyeri, mpaka Kitale, wanalala juu ya meza za shule. Asubuhi yeye ni chifu, ikifika saa nne yeye ni bibi ya chifu. Mamake alikuwa anamfungia chapati kwa gazeti.

Breki: Mimi nilimjulia kwa TV. Pasta Zablon! Maze, huyo jamaa alikuwa mbaya! Si aliuza paa ya kanisa waumini wakiwa ndani, wameinamisha vichwa wanaomba?

Landilodi: Nilimchukia! Siku moja nikampata sokoni Kangemi akichagua sukuma wiki, nikashika mkoba na mikono mbili.

Tulicheka, lakini ndivyo tulivyokuwa. Tulijua ni mchezo, na bado tulishika mikoba. Watoto walimfuata njiani wakiimba "Rudisha paa!" Muuza nyama alimfungia nyama bila kumtazama usoni.

Breki: Sasa mniambie, kwa nini aliacha? Alikuwa juu kabisa! Ghafla Zablon anagongwa na lori, kipindi kwisha, na Norman anaonekana akibeba nyaya za taa za wenzake, miaka tatu. Nani huacha kuwa staa ndio abebe nyaya?

Landilodi: Alichoka kufa. Kwa vitabu vya shule alinyongwa. Kwa ile ya vita akapigwa mshale. Zablon naye, lori. Mtu akikufa mara nane kabla hajafika miaka thelathini, lazima atataka kukaa nyuma ya kamera aue wengine.

Breki: Zii, si hivyo. Aliogopea uso wake. Kamera za siku hizi zinaona mpaka chenye ulikula jana.

Wakili: Ninyi hamjui kitu. Norman walikuwa wawili.

Breki: Wawili aje?

Wakili: Mapacha! Mwenye kuigiza alienda Kanada. Huyu aliyebaki hawezi kuigiza hata kikohozi, ndiyo maana anawaambia wengine waigize. Mgeni njoo, mwenyeji aende.

Landilodi: Mwololo, mimi nililazwa wodi moja na Mama Norman. Alizaa mtoto mmoja.

Wakili: Wa pili alikuja baadaye.

Kavutha alikuwa akipepea makaa chini ya birika. Akasema bila kuinua uso.

Kavutha: Mimi niliskia ingine. Mama mmoja alimshika Norman mkono njiani, akamwambia, Pasta Zablon, niombee mtoto, ana homa wiki ya pili. Norman akasema, mama, mimi ni mwigizaji tu. Mama akasema, niombee hivyo hivyo. Akaomba. Mtoto akapona. Tangu hiyo siku akaogopa mdomo wake.

Mimi nilitazama ndani ya kikombe. Niliwaza, kama Mungu alisikia ombi la Zablon mwenye kuuza paa, basi langu nimelifungia ndani la nini?

Breki akarudi kwenye habari yake.

Breki: Na hii prodyusa ni nini? Dairekta nimeelewa.

Wakili: Dairekta ndiye husema "Aksheni." Prodyusa ndiye huulizwa chakula kiko wapi.

Landilodi: Ngai! Kumbe mimi nimekuwa prodyusa tangu niolewe.

Tukiwa bado tunacheka, mwanamke wa miaka kama arobaini akatoka upande wa barabara, ana daftari, kichwani kitambaa, na amevaa sweta ya kijani iliyochakaa viwiko. Vifungo vyote vilikuwa vyeusi isipokuwa kimoja cheupe, cha pili kutoka juu. Nilikijua kile kifungo. Kahawa ilinimwagikia gotini.

— Habari zenu, wazee wangu, alisema. Naitwa Lornah. Mimi ndiye naigiza mamake Norman kwa hii filamu. Msishangae sweta, ni yake. Amenipa nizoee.

Kavutha akamsogezea kigoda na kumwambia ngoja kahawa ichemke. Lornah hakukaa. Alikuwa akiitazama benchi.

Lornah: Ndiyo hii benchi ya Mama?

Kavutha: Ndiyo hii. Ilikuwa ya tatu kutoka mbele.

Lornah: Basi nina swali dogo tu, niwaache mnywe. Mama alikuwa anakaa upande gani?

Breki: Upande gani aje?

Lornah: Katikati, kulia, kushoto? Mtu wa kamera anataka kujua aweke mashine yake wapi.

Wakili: Katikati. Mwanamke wa heshima hukaa katikati. Penye miti...

Landilodi: Nyamaza, wewe hata si wa kanisa letu. Mama, mimi nilikuwa nakaa kwaya, tunatazama mhubiri. Ya nyuma yangu ningejuaje? Lakini si mumuulize Norman?

Lornah: Norman hajui. Alipokuwa mtoto alikuwa Sunday school. Alipokua, Jumapili yuko safarini na michezo ya shule. Anajua ile chapati, anajua ile sweta. Upande hajui. Inamuuma sana.

Landilodi: Na mama mwenyewe?

Lornah: Nikimuuliza anasema, "Kaa popote, mwanangu. Mungu yuko pande zote."

Breki alikuna kichwa, Landilodi akahesabu kitu kwenye vidole akaacha. Swali la mtoto wa nasari, na kijiwe kizima kinachojua mpaka mapacha wa Kanada hakikuwa na jibu.

Ila mimi. Na nikijibu wataniuliza nimejuaje. Nakiri kwamba shetani alinipa njia nzuri: nyamaza, maliza kahawa, Jumatatu uko kazini. Nilikuwa nimeshaanza kuifuata. Lakini kidole gumba changu kilikuwa ndani ya kile kijishimo, na kikakataa kutoka.

Mimi: Hapa.

Lornah: Wapi?

Mimi: Hapa nilipokaa. Mwisho wa kushoto, ukutani. Mama Norman sikio la kushoto halisikii tangu utoto, ni surua. Akikaa hapa ukuta unakuwa upande wa sikio bovu, na lile zima linaelekea mhubiri na watu. Akisikiliza alikuwa akisugua hii mbao na kidole gumba. Hili shimo ni lake.

Lornah alipiga magoti akalitazama lile shimo.

Landilodi: Songa, wewe umejuaje hayo yote?

Mimi: Mimi ndiye niliyemwondoa.

Landilodi: Si ulitumwa? Si wazee walikaa mkutano?

Mimi: Hakukuwa na mkutano, Mwihaki. Sikutumwa na mtu.

Alinitazama kama siku ile aliyomwona Zablon sokoni. Mkoba wake ulikuwa mapajani, na nikaona mkono unausogelea.

Landilodi: Kwa hivyo Mzee Mukonyo, mkubwa wa wazee wa kanisa, tulimnunia bure? Mpaka akazikwa?

Mimi: Bure.

Niliendelea kwa sababu ningenyamaza hapo nisingeanza tena. Nikawaambia kwamba Jumapili moja jioni nilimtazama Zablon akiuza ile paa, nikalala na hasira. Jumapili iliyofuata nikamwona Mama Norman benchi ya tatu, amefumba macho anaimba. Sikuweza kumfikia Zablon, kwa hivyo nikamfikia yeye. Nikamgusa bega, nikasema, Mama, songa nyuma kidogo. Akaniambia, "Huko sitasikia, Muthama." Hakuniita Songa. Aliniita Muthama. Nikamwambia, utasikia. Na nilikuwa najua hatasikia. Kwa miezi mitatu nilisimama pale mlangoni nikimwona nyuma kabisa, midomo yake inaimba wimbo ambao wengine wamemaliza.

Breki alivua kofia yake ya pikipiki. Birika lilikuwa likichemka na Kavutha hakulitoa.

Mimi: Kwa hivyo dada, kama kwa filamu kuna mhudumu mbaya, muandike jina. Ni Muthama.

Lornah alifungua daftari, akalifunga tena.

Lornah: Yuko. Norman alitafuta mtu wa kumwigiza mwezi mzima. Alitaka uso mkali, mtu watu wakimwona sokoni washike mikoba. Mama alikuwa jikoni, akaja na taulo mkononi, akasema hapana. Uso wake usionyeshwe. Norman akasema, Mama, ni filamu yangu. Akamjibu, "Wewe uliigiza, na mimi ndiye niliyesongeshwa. Huyo mtu ana watoto, na shuleni kuna televisheni."

Mimi: Alisema hivyo?

Lornah: Alisema hivyo. Kwa hivyo hakuna uso wala jina. Kuna mkono tu, unatokea hivi, unamgusa bega.

Niliutazama mkono wangu. Ni mkono wa kawaida, una kovu la panga. Miaka kumi na mmoja nimeogopa kwamba Mama Norman atanitaja, naye alikuwa akinificha.

Wakili alifungua mdomo. Tulijua ni methali inakuja. Akatutazama mmoja mmoja, akaufunga.

Kavutha akamimina kahawa, na ikatosha kikombe kimoja tu. Ile nyingine yote ilikuwa imekaukia motoni. Akampa Lornah. Mimi nikasimama.

Mimi: Kaa hapa, dada.

Lornah akakaa mwisho wa kushoto. Bila kuambiwa na mtu akaweka kidole gumba kwenye kijishimo, akageuza kichwa kidogo, sikio la kulia mbele. Nilishindwa kuendelea kutazama. Nikapangusa goti langu lenye kahawa na kuanza kuelekea barabarani.

Landilodi: Muthama.

Nikageuka. Alikuwa bado amenikasirikia, lakini mkoba alikuwa ameuweka chini.

Landilodi: Unaenda wapi?

Mimi: Kinoo.

Landilodi: Na miguu? Haya. Utamwambia nini?

Nilifikiri. Kwa miaka kumi na mmoja sikuwa nimepata maneno, na sikuyapata pale pia.

Mimi: Sijui, Mwihaki. Lakini nitakaa upande wake wa kulia.