Mstari wa Sitini na Moja

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama una kazi mkononi endelea nayo, ila nitegee sikio. Leo tunamkumbuka mkutubi aliyetutoka mwezi uliopita akiwa na miaka sitini na minane. Wenzake walimwita Taratibu. Aliandika kwenye kompyuta kwa vidole viwili tu, kimoja kila mkono, na ukimharakisha anaanza sentensi upya.

Lakini kwa vidole hivyo viwili alitengeneza programu inayoitwa Rafu. Rafu inasaidia maktaba ndogo kujua kitabu gani kimeazimwa, kiko kwa nani, na kitarudi lini. Ni programu huria. Yaani mtu yeyote anaruhusiwa kuitumia, kuifungua aone ilivyoundwa ndani, na kuirekebisha. Aliianza miaka ishirini na mitatu iliyopita. Narudia, ishirini na mitatu. Kwa programu ya kompyuta, huo ni uzee wa kutembelea mkongojo.

Mjane wake ni fundi cherehani. Ndiye aliyetusimulia haya, akiwa kwenye chumba walichofanyia kazi wote wawili. Meza ni moja, ndefu. Upande wa dirishani kuna cherehani, upande wa ukutani kuna kompyuta. Katikati wamebandika utepe wa kupimia, ndio mpaka wa nchi mbili.

"Vitambaa vyangu vikivuka, anavirudisha," anasema. "Vikombe vyake vikivuka, navirudisha vimeshaoshwa. Sasa hapo mjinga nani?"

Anacheka. Halafu anautazama ule utepe, na kicheko kinakatika.

Wasikilizaji, mwaka huu tovuti iliyohifadhi Rafu ilitangaza kwamba inafungwa. Ikatoa siku tisini. Baada ya hapo kila kitu kingefutwa: programu yenyewe, maelezo yake, na kumbukumbu ya kila rekebisho. Taarifa ilimkuta Taratibu moyo wake umeshachoka. Daktari alikuwa amemwambia apumzike. Akapumzika siku mbili. "Na hizo mbili," anasema mjane, "ni kwa sababu nilikikalia kiti chake."

Akaanza kuhamisha. Ilimchukua wiki saba. Rafu ikasimama kwenye makao mapya, inafanya kazi vizuri kabisa, naye akafurahi hadi akamwita mkewe avuke mpaka aje aone. Kwenye kioo cha kompyuta palikuwa na orodha ya marekebisho, zaidi ya elfu nne, na kando ya kila moja jina la aliyelifanya. Mama akavaa miwani yake ya kutungia uzi. Akasoma. Akashuka chini, akasoma tena.

"Baba watoto, mbona kila mahali ni wewe?"

"Wapi?"

"Hapa. Na hapa. Na hapa pia. Yote haya umefanya peke yako? Na wale uliokuwa ukibishana nao kwenye simu kila Jumamosi walikuwa wakifanya nini?"

Taratibu akasogea karibu, akasoma mwenyewe. Alikuwa amekosea. Makao mapya hayakuwajua watu wa zamani. Ilibidi kwanza aandae orodha: kushoto jina la zamani, kulia jina jipya na anwani ya barua pepe. Hakuiandaa. Kwa hiyo kila kazi ikawekwa kwa jina la aliyehamisha. Watu sitini walifutika kama hawakuwahi kushika chochote, na jasho lao lote akavishwa yeye.

Daktari angesema acha. Na mimi, kusema kweli, ningesema acha. Programu inafanya kazi, nani anasoma majina? Yeye akafuta yote, akaanza upya. Zilikuwa zimebaki siku thelathini na tisa.

"Nilimkasirikia," anasema mjane. "Nikamwambia, unajimaliza kwa ajili ya orodha! Akaniuliza, mama watoto, ukishona gauni, mimi nikajisifu nimeshona mimi, utanipikia? Basi. Nikarudi kwenye cherehani yangu."

Taratibu akamwandikia kila mmoja wa wale sitini. Swali lilikuwa hilo hilo: tukuandikeje? Wengine walishabadili majina. Wengine ilibidi watafutwe kwa jamaa zao. Mmoja alipiga simu huku akicheka, "Mzee, mimi nilirekebisha nukta moja tu, miaka kumi na tano iliyopita!" Taratibu akamjibu, "Nukta hiyo ilikuwa ikituangusha kila Jumatatu. Tukuandikeje?"

Mmoja alikuwa ameshafariki. Aliyejibu ni mama yake. Barua yake ilikuwa na mstari mmoja: "Mwandikeni kama alivyojiandika." Taratibu aliichapisha barua hiyo, akaibandika ukutani juu ya kompyuta.

Ilikuwa asubuhi ya Jumanne, siku kumi na moja kabla ya tovuti kufungwa. Mkewe alikuwa akipiga pasi kola za mashati. Hakusikia vile vidole viwili. Akadhani mumewe anawaza, maana alikuwa mtu wa kuwaza sana. Alipomaliza kola ya pili, akageuka.

Poleni, wasikilizaji. Hapa hata mimi inanibidi nivute pumzi.

Baada ya mazishi, rafiki yake, mkutubi wa shule ya jirani, alikuja kumalizia. Akakaa kwenye kile kiti. Majina yalikuwa tayari, kilichobaki ni kubonyeza. Akabonyeza. Kompyuta ikagoma, ikaandika: mtu mmoja hajaandikwa. Akabonyeza tena. Mtu mmoja hajaandikwa. Wakahesabu pamoja, mstari kwa mstari. Sitini wote walikuwepo. Mstari wa sitini na moja ulikuwa mtupu upande wa kulia.

Alikuwa ni yeye. Alijiweka mwisho, na mwisho hakuufikia.

"Shemeji," rafiki akauliza, "tumwandikeje?"

Mama akatazama ukutani, kwenye barua ya yule mama mwenzake. Kisha akautazama ule mstari kwenye kompyuta. Upande wa kushoto, kwa miaka ishirini na mitatu, mumewe alijiandika neno moja tu: mkutubi.

"Mwandike kama alivyojiandika," akasema. "Na anwani weka yangu. Akiulizwa kitu, nitajibu mimi."

Rafu ilihama salama, siku tano kabla ya mlango kufungwa. Watu sitini na mmoja, kila mmoja na kazi yake.

Wiki iliyopita swali likafika. Maktaba moja ya mbali iliuliza kwa nini Rafu husubiri siku tatu kabla ya kusema kitabu kimechelewa. Mama hajui programu. Akatafuta rekebisho lile, akakuta mumewe alieleza sababu: "Watu husahau. Tuwape nafasi ya kurudi bila aibu." Akainakili. Ilimchukua karibu saa nzima, kwa vidole viwili.

Mama, pole sana. Poleni watoto, ndugu, na ninyi sitini popote mlipo. Tunamwomba Mungu ampokee kwa upole ule ule aliowafanyia wengine.

Nawe msikilizaji, kuna kazi unayosifiwa ambayo hukuifanya peke yako. Mtafute mwenzako leo, angali anapokea simu. Muulize: tukuandikeje?