Joto la Saa Nane

Benchi lilikaa kwenye kibaraza cha duka la fundi cherehani waliyemwita Sindano, upande ambao jua halifiki mpaka jioni, na ndiyo maana halikukosa watu. Siku hiyo, birika la kahawa likiwa katikati, Sindano alikuwa amewaletea wenzake jambo zito. Mama yake, aliyevunjika nyonga, alikuwa na miezi miwili sasa kitandani, chumba cha nyuma nyumbani kwake, chini ya mabati matupu. Fundi wa dari alikuwa njiani kuja kuchukua jibu: apige dari na kutandaza juu yake sufi ya kuzuia joto, au aache? Pesa ilikuwepo, ila ilikuwa ya cherehani ya pili, na Sindano aliitamani hiyo cherehani kuliko alivyokuwa tayari kukiri.

— Usithubutu, alisema Injinia, ambaye kazi yake ni kutengeneza redio. Sufi ni ya baridi. Umeona wapi blanketi likampoza mtu?

— Wanasema inazuia joto la bati lisishuke, alisema Sindano.

— Na lililokwisha kuingia litatokea wapi? Mficha uchi hazai!

— Kwani mabati yanazaa? aliuliza Mstaafu, karani wa zamani anayejua kila kitu kwa kuwa aliwahi kukigongea muhuri.

— Yanazaa kutu.

— Basi mimi ningeyamwagilia maji asubuhi na jioni, kama bustani.

— Na bili ya maji, mzee wangu? aliuliza Sindano.

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Acheni hizo, Injinia akadakia. Joto ni mazoea. Mwili ni kama redio, unautafutia stesheni yake. Bi mkubwa ameshaizoea ya jua kali. Ukimpoza ghafla, utamzima!

Sindano alifarijika, kisha akaona aibu kwa kufarijika.

— Mwenyewe halalamiki, alisema. Kila nikirudi saa mbili usiku namkuta ametulia.

Fundi wa dari akafika, mwanamke wa makamo, futikamba shingoni. Akawasalimu, akakataa kahawa.

— Kaka, kabla hujanijibu, nikuulize kimoja. Chumba cha mama kinakuwaje saa nane mchana?

Sindano akamtazama Injinia. Injinia akamtazama Mstaafu. Mstaafu akatazama ndani ya kikombe. Wote watatu walikuwa na nyumba za mabati, na wote watatu, kila mchana, walikuwa hapa kivulini.

— Kwani sasa saa ngapi? Mstaafu akajaribu.

— Saa nane, alijibu fundi wa dari.

Sindano aliacha kahawa yake, akaenda nyumbani. Aliposukuma mlango wa chumba cha nyuma, joto lilimpiga usoni akarudi hatua moja. Mama alikuwa amelala chali, kipajini ana kitambaa ambacho mke wa Sindano alikilowanisha asubuhi kabla ya kwenda kazini. Kilikuwa kikavu. Alipomwona mwanawe mlangoni alishtuka, akajaribu kuinuka.

— Mwanangu! Kulikoni kurudi saa hizi? Unaumwa?