Kipindi cha Ijumaa Saa Tisa

Mheshimiwa Mkuu wa Chuo, walimu wenzangu, wanafunzi wetu, na ninyi ndugu na jamaa mliokuja kunisindikiza ninapostaafu: hamjambo nyote.

Mshereheshaji amenimwagia sifa mpaka nikageuka kutazama kama nyuma yangu amesimama mtu mwingine. Amesema mtaala wa shule hii ya meno ni kazi ya mkono wangu. Ni kweli, na ndiyo maana sina raha.

Tulipokaa kuuandika tulikuwa sita mezani, kila mmoja akivutia kamba kwake. Meno ya bandia yakapata asubuhi tatu, upasuaji ukapata mbili. Afya ya kinywa kwa jamii, yaani kwenda mashuleni na kliniki za mama na mtoto kuwaeleza watu kabla hawajaumwa, ikakosa pa kukaa. Nikasema tuiweke Ijumaa saa tisa alasiri. Nani asiyejua Ijumaa saa tisa watu wako wapi? Mwaka wa kwanza walihudhuria kumi na mmoja. Baadaye hata mwalimu alikuwa akitia sahihi na kuondoka, na mwalimu huyo ni mimi.

Miaka mitatu iliyopita mdogo wangu aliniletea binti yake wa miaka minane, shavu limevimba. Gego la nyuma lilikuwa limeoza hadi kwenye mizizi. Nikamfokea, nikamuuliza alikuwa akingoja nini.

“Dada, mimi nilijua ni la utoto,” akasema. “Nilijua litang'oka lenyewe.”

Ndugu zangu, gego lile huota mtoto akiwa na miaka sita, nyuma kabisa, bila jino lolote la utoto kung'oka kwanza, na likishang'oka halioti tena. Ni sentensi moja tu. Nimefundisha miaka thelathini na moja, na sentensi hiyo haikumfikia hata ndugu yangu wa tumbo moja.

Nililing'oa mwenyewe. Mtoto akalitazama, akaniuliza, “Mama mkubwa, lingine litaota lini?” Nikamwambia asukutue.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu; wangu alinikuta bado nipo kazini, na bado nikanyamaza. Wiki ijayo kamati inaupitia mtaala upya, nami sina kura tena. Nawaomba, kipindi kile kipeni Jumatatu asubuhi, na mwende nao wanafunzi nje ya kuta hizi.

Mdogo wangu, upo hapa ukumbini. Tangu siku ile unaniomba radhi, nami nimekuwa nikiipokea. Kosa halikuwa lako.

Nawashukuru kwa kunivumilia mpaka mwisho.